Jinsi ya Kutafuta Tafiti za Mazingira Kwenye Hifadhidata za Ikisiri: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Zebaki na Samaki wa Ziwa Victoria

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wanafunzi wa uzamili huja kwa sura mbili. Mmoja anasema, "Nimetafuta wiki nzima, mada yangu haijaandikwa na mtu yeyote." Mwingine anasema, "Nimepata makala nyingi mno, sijui nianzie wapi." Nikiomba kuona walichoandika kwenye kisanduku cha kutafutia, wote wawili huwa wameandika kitu kilekile: kichwa kizima cha utafiti wao, kama kilivyo kwenye pendekezo.

Hifadhidata ya ikisiri, yaani mkusanyo wa rekodi za makala pamoja na muhtasari wake (abstract), kwa sehemu kubwa hailielewi swali lako. Inalinganisha maneno uliyoandika na yale yaliyomo kwenye kichwa cha makala, kwenye ikisiri na kwenye maneno muhimu. Mtafiti akikiita kitu kwa jina jingine, hamkutani, hata kama amefanya kazi ileile unayoitaka.

Nitashika swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: je, zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kandokando ya Ziwa Victoria imeingia kwenye samaki tunaokula? Kama wewe unatafuta mikoko ya Rufiji au plastiki kwenye fukwe za Mombasa, badili maneno tu. Hatua ni hizihizi.

## Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Swali la utafiti kwa sentensi moja. Kama bado linahitaji aya nzima, rudi kwa msimamizi wako kwanza.
- Jedwali tupu la kompyuta au daftari la karatasi, litakalokuwa kumbukumbu ya utafutaji.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo.
- Makala tatu hadi tano ambazo tayari unajua zinahusu swali lako. Nitaziita makala za kupimia. Omba kwa msimamizi, au zitoe kwenye marejeo ya tasnifu iliyotangulia.
- Programu ya kuandikia maandishi matupu, kama Notepad. Usiandalie maneno ya kutafutia kwenye Word. Sababu ipo hatua ya 3.
- Siku mbili tulivu.

## Utafute wapi

Za bure ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. AGRIS ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inashika kilimo, misitu, uvuvi na mazingira. PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ni ya afya, na kwa swali letu ni muhimu kwa sababu zebaki hupimwa pia kwenye nywele na mkojo wa wachimbaji. GreenFILE ya EBSCO ni ya mazingira peke yake. AJOL hukusanya majarida ya Afrika, likiwemo Tanzania Journal of Science. Lens na OpenAlex ni pana sana na hazilipishwi.

Za kulipia ni Scopus, Web of Science na CAB Abstracts. ASFA, ya sayansi ya maji na uvuvi, mara nyingi hupatikana kupitia chuo. Muulize mkutubi wa chuo chako mambo mawili: chuo kinalipia hifadhidata zipi, na je, kimesajiliwa Research4Life? Mpango huo huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, na sehemu yake ya mazingira inaitwa OARE. Nenosiri hupewa taasisi, hapewi mtu mmojammoja, ndiyo maana wanafunzi wengi humaliza masomo bila kujua lipo.

Google Scholar itumie kama nyongeza. Haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, haikubali mstari mrefu, na ni vigumu kurudia utafutaji wako ukapata orodha ileile.

Kwa swali letu, tatu zinatosha kuanzia: moja pana, moja ya maji au kilimo, na AJOL. PubMed iongezwe kwa upande wa afya.

## Hatua ya 1: Livunje swali vipande

Chukua sentensi yako, toa maneno yote yanayoelezea tu: athari, tathmini, uhusiano, kiwango, mchango. Karibu kila ikisiri inayo, kwa hiyo hayachuji chochote. Yatakayobaki ni vitu vyenyewe.

Swali letu lina vitu vinne: mahali (Ziwa Victoria), kichafuzi (zebaki), kiumbe (samaki) na chanzo (uchimbaji wa dhahabu).

Sasa acha kimoja nje. Mimi naacha uchimbaji. Kila kipande unachoongeza kinapunguza matokeo, na kipande hiki kinapunguza yale yasiyopaswa kupungua. Mtafiti aliyepima zebaki kwenye minofu ya sangara ili kujua kama inafaa kuuzwa nje huenda hakuitaja dhahabu hata mara moja kwenye ikisiri yake. Vipimo vyake unavihitaji. Uchimbaji utauangalia mwenyewe wakati wa kusoma.

Utajua umefaulu ukibaki na vipande viwili au vitatu, kila kimoja ni kitu kinachoweza kushikika au kuonyeshwa kwenye ramani.

## Hatua ya 2: Kusanya majina yote ya kila kipande

Hapa ndipo utafutaji hupona au hufa, na hapa ndipo watu hutumia dakika tano. Tumia nusu siku.

Mahali. Usiandike "Lake Victoria" ukaridhika. Makala nyingi hutaja ghuba, mto au wilaya tu: Mwanza Gulf, Geita, Migori. Tazama ghuba ya upande wa Kisumu. Maandishi ya zamani huiita Kavirondo Gulf, ya baadaye Nyanza Gulf, na ya leo zaidi Winam Gulf. Ni maji yaleyale. Ukiandika jina moja, unapoteza miongo mizima ya vipimo.

Kichafuzi. Mercury, methylmercury, "methyl mercury" kwa maneno mawili, na Hg. Vilevile "heavy metals" na "trace metals", kwa sababu mtafiti aliyepima metali sita hataandika zote kwenye kichwa. Baadhi ya hifadhidata hukubali pia namba ya CAS, namba ya utambulisho ya kila kemikali. Ya zebaki ni 7439-97-6, nayo haibadiliki kwa lugha wala kwa tahajia.

Kiumbe. Andika jina la kisayansi, la Kiingereza na la wenyeji. Dagaa wa Tanzania ndiye omena wa Kenya na mukene wa Uganda. Kwa sayansi ni *Rastrineobola argentea*, ila maandishi ya zamani humwita *Engraulicypris argenteus*. Sangara ni Nile perch, *Lates niloticus*. Sato ni *Oreochromis niloticus*. Furu huandikwa haplochromine au *Haplochromis*.

Majina haya utayatoa wapi? Kwanza, fungua rekodi za makala zako za kupimia, soma sehemu ya maneno muhimu, uyanakili. Pili, ingia AGROVOC, orodha ya istilahi ya FAO yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Unaandika neno, inakupa neno pana zaidi, neno finyu zaidi na visawe. Kwa PubMed orodha ya namna hiyo inaitwa MeSH.

Onyo. Usitafute kwa Kiswahili pekee. Ikisiri nyingi za hifadhidata hizi ziko kwa Kiingereza hata makala yenyewe ikiwa ya lugha nyingine. Maneno kama dagaa na omena yana kazi kwa sababu watafiti wetu huyaacha yalivyo ndani ya Kiingereza.

Utajua umefaulu ukiwa na safu tatu za majina, na mtu wa fani nyingine akikuuliza "huyu samaki kwa Kenya wanamwitaje?" unaonyesha kwa kidole.

## Hatua ya 3: Jenga mstari wa utafutaji

Ndani ya safu moja, majina yaunganishe kwa OR (lolote kati ya haya). Kati ya safu na safu, tumia AND (vyote viwepo). Kila safu ifunge kwenye mabano yake. Jina la maneno mawili au zaidi liweke ndani ya alama za usemi. Yetu inakuwa hivi:

("Lake Victoria" OR "Mwanza Gulf" OR "Winam Gulf" OR "Nyanza Gulf" OR "Kavirondo Gulf" OR Geita OR Migori)
AND
(mercury OR methylmercury OR "methyl mercury" OR Hg OR "heavy metals" OR "trace metals")
AND
(fish OR fishes OR dagaa OR omena OR mukene OR "Rastrineobola argentea" OR "Engraulicypris argenteus" OR "Nile perch" OR "Lates niloticus" OR tilapia OR "Oreochromis niloticus" OR haplochromine*)

Mabano usiyaache. Hifadhidata hazisomi mstari kwa mpangilio mmoja: PubMed huenda kutoka kushoto kwenda kulia, nyingine hutanguliza OR, nyingine AND. Mstari usio na mabano unaweza kukupa orodha tatu tofauti sehemu tatu tofauti, na usijue ipi ndiyo.

Kinyota humaanisha "neno hili na mwisho wowote". Kinasaidia, ila kina hila. Ukiandika fish* utapata fishes na fisheries, ndiyo, lakini pia kila ikisiri iliyotumia kipimo cha takwimu kiitwacho "Fisher's exact test". Ukiandika miner* ukitaka wachimbaji, utaletewa mineral na kila kitu cha madini duniani. Kabla ya kuweka kinyota, taja kwa sauti maneno yote yanayoanza na herufi hizo. Likitokea la ajabu, andika maneno kamili mojamoja, kama nilivyofanya kwa fish na fishes.

Sasa ile ya Word. Word hugeuza alama za usemi zilizonyooka kuwa zilizopinda, na baadhi ya hifadhidata hazizitambui zilizopinda. Mstari unaonekana sawa, jina lako linasomwa kama maneno mawili yaliyotengana, na matokeo yanafurika. Nimewahi kukaa mchana mzima na mwanafunzi tukitafuta kosa, na kosa lilikuwa hizo alama tu. Andika kwenye Notepad, nakili, bandika.

Mwisho, chagua uwanja (field), yaani sehemu ya rekodi itakayotafutwa: kichwa, ikisiri na maneno muhimu. Ukiacha mfumo utafute makala nzima pale unapoweza, utaletewa makala iliyotaja Ziwa Victoria mara moja tu, tena kwenye orodha ya marejeo.

Onyo kuhusu NOT, neno linaloondoa kila rekodi yenye kitu ulichokitaja. Hg kwenye PubMed italeta makala za shinikizo la damu, kwa sababu shinikizo huandikwa "mm Hg". Utashawishika kuongeza NOT "blood pressure". Usifanye hivyo. Utafiti uliopima zebaki na shinikizo la damu la wachimbaji utatupwa nao, nawe hutajua ulikuwepo. Ondoa Hg kwenye hifadhidata hiyo, au vumilia takataka chache. Kile kilichoondolewa na NOT hukioni tena.

Utajua umefaulu mstari ukikubalika bila ujumbe wa kosa, na katika matokeo 20 ya mwanzo, walau baadhi yanahusu swali lako waziwazi.

## Hatua ya 4: Pima kwa makala unazozijua

Chukua makala za kupimia, moja baada ya nyingine. Je, mstari wako umeileta?

Kama haikuja, kwanza itafute kwa kichwa chake. Ikikosekana kabisa, hifadhidata hiyo haina jarida lile. Tatizo si mstari. Ikiwepo, fungua rekodi yake usome ikisiri neno kwa neno, ukiuliza ni safu ipi kati ya tatu imeikataa. Labda mwandishi aliandika "Lake Victoria basin" akakukubalia, ila samaki akamwita kwa jina la jamii ambalo hukuliweka. Ongeza jina hilo, endesha tena.

Rudia mpaka zije zote zilizomo. Kazi hii inachosha, na hakuna nyingine itakayokupa haki ya kuandika kwenye tasnifu kwamba "tafiti ni chache". Bila kipimo hiki, uchache unaweza kuwa wa maneno yako.

Usiweke kikomo cha miaka bila sababu. Wanafunzi wengi hubonyeza miaka kumi ya karibuni kwa mazoea. Kwa zebaki, vipimo vya miaka ya 1990 ndivyo vitakavyokuonyesha hali ilivyokuwa kabla ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Ukivikata, umekata nusu ya hadithi.

## Hatua ya 5: Hamia hifadhidata nyingine, na uandike kila kitu

Mawazo hayabadiliki, sarufi hubadilika. Scopus hutaka TITLE-ABS-KEY mbele ya mabano, Web of Science hutaka TS=, PubMed hutaka [tiab] nyuma ya neno. AJOL na AGRIS hupendelea mistari mifupi, kwa hiyo gawa: mahali na zebaki kwanza, kisha mahali na "heavy metals". Soma ukurasa wa msaada wa kila moja; dakika kumi zinatosha.

Kila ukiendesha utafutaji, andika kwenye jedwali: tarehe, hifadhidata, mstari mzima kama ulivyo, uwanja, vikomo, idadi ya matokeo. Mfano wa safu moja unavyoonekana:

3 Machi | PubMed | mstari na. 4, bila Hg | kichwa na ikisiri | hakuna kikomo cha mwaka | idadi: … | makala za kupimia: 3 kati ya 3

Andika saa ileile. Mtahini akiuliza ulitafutaje, utafungua jedwali hili. Na ukirudi baada ya miezi sita kuongeza tafiti mpya, hutaanza upya.

## Hatua ya 6: Pakua, unganisha, ondoa marudio

Pakua rekodi pamoja na ikisiri zake, kwa muundo wa RIS, ambao programu za marejeo huusoma. PubMed hutoa faili la .nbib, nalo Zotero hulifungua. Hakikisha umeteua ikisiri kabla ya kupakua, maana mara nyingi chaguo la kwanza ni marejeo matupu.

Weka kila hifadhidata kwenye mkusanyo wake kwanza, ndipo ufungue sehemu ya rekodi zilizojirudia, uziunganishe. Angalia DOI (namba ya kudumu ya makala) na mwaka. Ripoti ya mkutano na makala ya jarida zenye kichwa kimoja si kitu kimoja.

## Hatua ya 7: Chuja, ukisoma ikisiri kwa jicho la mpimaji

Pita mara mbili. Mara ya kwanza soma vichwa tu, utoe yaliyo wazi kuwa hayahusiki, kama sayari ya Utaridi, ambayo kwa Kiingereza nayo inaitwa Mercury. Mara ya pili soma ikisiri, uweke alama: ndiyo, hapana, labda. Kila "hapana" ya mara ya pili iwe na sababu ya maneno mawili matatu.

Kwenye ikisiri za vipimo, mimi hutafuta mambo haya kabla ya kusoma hitimisho:

Je, ni zebaki yote au methylmercury? Hii ya pili ndiyo yenye sumu kubwa zaidi kwa mlaji wa samaki, na namba za aina mbili hizo haziwekwi kwenye jedwali moja.

Je, ni uzito mbichi au mkavu? Samaki mbichi kwa kawaida ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi. Kipimo cha uzito mkavu kinaweza kuonekana mara nne au tano ya kipimo cha uzito mbichi, ilhali samaki ni yuleyule. Nimeona rasimu iliyotangaza kwamba dagaa wana zebaki kuliko sangara, kumbe dagaa walipimwa wakavu na sangara akapimwa mbichi. Ikisiri isipotaja, weka "labda" ufungue makala.

Je, samaki alikuwa na ukubwa gani, na kilipimwa nini? Dagaa hupimwa mzima kwa sababu huliwa mzima. Sangara hupimwa mnofu. Na kwa kuwa zebaki hujilimbikiza kwa samaki mla samaki kadiri anavyokua, sangara wa kilo moja na wa kilo ishirini si sampuli moja.

Onyo kubwa. Usinukuu makala uliyosoma ikisiri yake tu. Ikisiri huandikwa kwa nafasi finyu, na masharti ya matokeo hubaki ndani.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako, kwa kila makala ya "ndiyo", nini kilipimwa, wapi, na kwa uzito upi.

## Hatua ya 8: Fuata yaliyo nje ya hifadhidata

Chukua makala zako bora tano. Pitia marejeo yake kwenda nyuma, kisha bonyeza walioinukuu kwenda mbele. Ukianza kukutana na majina yaleyale kila upande, umefika mbali.

Halafu kuna maandishi ambayo mara nyingi hayana ikisiri kwenye hifadhidata yoyote: tasnifu kwenye hazina za vyuo, ripoti za serikali, ripoti za Lake Victoria Fisheries Organization yenye makao Jinja. AquaDocs ina hazina nzuri ya maandishi ya maji na uvuvi, bure. Kwa maziwa yetu usiiruke hatua hii, maana kazi nyingi ya miaka ya nyuma iliishia kwenye ripoti.

## Hatua ya 9: Pata makala kamili, kisha weka arifa

Jaribu kwa mpangilio huu: Research4Life kupitia chuo, kiongezi cha Unpaywall kwenye kivinjari, kinachotafuta nakala za bure, ukurasa wa mwandishi, halafu barua pepe kwa mwandishi mwenyewe. Andika mistari mitatu: wewe ni nani, unataka makala ipi kwa kichwa chake kamili, unaifanyia nini. Watafiti wengi hufurahi kusomwa na hujibu.

Kisha rudi kwenye kila hifadhidata inayoruhusu akaunti, hifadhi mstari wako wa mwisho, uchague arifa ya kila mwezi kwa barua pepe. Kwenye PubMed akaunti hiyo inaitwa My NCBI. Arifa ya kwanza ikija, ifungue siku hiyohiyo uangalie kama bado inaleta samaki na zebaki; kama inaleta kitu kingine, mstari uliohifadhiwa una mabano yaliyopotea wakati wa kubandika. Urekebishe, uandike tarehe kwenye jedwali.